Mtoto Afundishwe au Barabara Ibadilishwe? Ubishi wa Miaka Mia Moja

Kuna aina ya habari ambayo ukikaa Tanzania mwaka mzima lazima ukutane nayo. Mwanafunzi wa shule ya msingi kagongwa na gari akivuka barabara. Ndani ya nusu saa wananchi wameshapanga mawe na matairi katikati ya lami, magari yamesimama foleni pande zote mbili, na kiongozi wa wilaya yuko njiani kuja kuongea nao. Dai huwa ni lilelile: matuta. Polisi watawaambia wafuate utaratibu, watu mitandaoni watawaita wahuni, kisha baada ya wiki au miezi matuta yatajengwa. Au hayatajengwa.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu wengi wetu tunaamini kufunga barabara ni tabia ya nchi ambazo mambo hayajakaa sawa. Si kweli hata kidogo. Uholanzi, nchi ambayo kila semina ya usalama barabarani lazima itajwe, wazazi walifunga mitaa miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo, na baadhi ya waliokuwa barabarani siku zile walikuja kuwa wabunge. Nyuma ya matukio haya yote kuna swali moja ambalo wahandisi, wanasaikolojia, wenye magari na wazazi wamelibishania kwa takriban miaka mia moja: mtoto akigongwa njiani kwenda shule, nani anatakiwa kubadilika? Mtoto, au barabara?

Mtoto mwenye mkanda

Kabla ya gari, barabara za miji ya Marekani zilikuwa mali ya kila mtu. Mikokoteni ilipita, wachuuzi walipanga bidhaa, watoto walicheza. Magari yalipoongezeka kwa kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa zaidi mijini walikuwa waenda kwa miguu, wengi wao watoto. Hasira za watu zikamwendea dereva moja kwa moja. Mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati, watu 42,000 walisaini kutaka ipigwe kura juu ya sheria ambayo ingelazimisha kila gari la mji huo lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilometa 40. Wauza magari na vyama vya wenye magari wakafanya kampeni kubwa kupinga, na Novemba mwaka huo pendekezo likaanguka. (Wasomaji wetu wa Kenya watakumbuka vidhibiti mwendo vya matatu enzi za waziri John Michuki, mwaka 2004. Wazo lilikuwa na umri wa miaka 80 tayari.)

Wakati huohuo lilikuwapo jibu la pili, la upole zaidi. Mwaka 1920 Charles Hayes, kiongozi wa chama cha wenye magari cha Chicago, alisaidia kuanzisha vikosi vya wanafunzi waliovishwa mikanda na kupangwa kwenye vivuko karibu na shule. Mpango ukasambaa Marekani nzima, na hadi leo upo. Sasa angalia kitu kidogo ambacho ni rahisi kukipita: wale wanafunzi hawakupewa kazi ya kusimamisha magari. Kazi yao ilikuwa kuwasimamisha watoto wenzao.

Simlaumu Hayes. Inawezekana kabisa kwamba vikosi vile viliokoa maisha. Ila ukiviweka pamoja na kura ya Cincinnati unaona uamuzi uliofanyika: gari libaki na mwendo wake, mtoto ajifunze adabu ya barabarani. Na elimu hiyo, mara nyingi, ilitolewa na vyama vya watu wenye magari.

Uingereza ilifuata njia hiyo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1953 Elsie Mills, wa shirika la kuzuia ajali, alibuni mhusika wa hadithi za watoto aitwaye Tufty, kindi mwenye heshima ambaye hakuwahi kuvuka barabara bila kumshika mama mkono. Mwaka 1961 ikaanzishwa klabu yake, na watoto kwa mamilioni wakajiunga kwa miaka iliyofuata. Katika hadithi za Tufty, anayepata matatizo ni mnyama mdogo asiyesikia la mkuu. Gari lenyewe lipo tu, kama mvua au mto uliofurika: halina lawama.

Kuwa mkweli, Waingereza walifanya na jambo jingine mwaka uleule wa 1953: walipitisha sheria iliyompa mtu mzima mwenye kibao mamlaka ya kusimamisha magari ili watoto wavuke, na dereva asiyesimama akawa ametenda kosa. Hapo wajibu ulihama kidogo kutoka kwa mtoto kwenda kwa dereva. Kidogo tu, na kwa dakika chache za asubuhi na jioni.

Jicho la mtoto haliwezi

Je, kumfundisha mtoto kunatosha? Hili ni swali la sayansi, na lilianza kujibiwa vizuri Sweden. Mwanasaikolojia Stina Sandels alitumia miaka ya 1960 kuwachunguza watoto wadogo: wanaelewa nini kuhusu alama za barabarani, wanasikiaje sauti ya gari linakotokea, wanafanya nini wakiwa na mpira mkononi na rafiki ng'ambo ya pili. Hitimisho lake, alilolichapisha kwenye kitabu mwaka 1968, liliwakera wengi. Alisema mtoto wa chini ya takriban miaka 10 hawezi kufundishwa hadi akawa salama barabarani, kwa sababu uwezo unaohitajika bado haujakomaa ndani yake. Anaweza kuikariri kanuni yote darasani, akaimba na wimbo wake, halafu akaisahau mara tu anapomwona mama yake ng'ambo.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba tatizo halikai kwenye umakini peke yake, liko hata kwenye macho. Twende taratibu hapa maana jambo lenyewe ni zuri. Gari linalokuja moja kwa moja upande wako halionekani kusogea kulia wala kushoto. Dalili pekee inayokuambia linakuja ni kwamba picha yake machoni mwako inazidi kuwa kubwa. Ubongo unatumia kasi ya kukua kwa picha hiyo kukadiria muda uliobaki. Sasa chukua magari mawili, yote yatakufikia baada ya sekunde 5. Linalokwenda kilometa 30 kwa saa liko mita 42 kutoka ulipo. Linalokwenda 60 liko mita 83. Ukipiga hesabu utakuta picha ya lile la 60 inakua kwa nusu ya kasi ya lile la 30. Yaani gari la hatari zaidi ndilo linaloonekana kama limesimama.

Mwaka 2011 timu ya John Wann, wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, ilipima jambo hili kwa watoto wa shule ya msingi na kuchapisha matokeo katika jarida la Psychological Science. Watu wazima walimudu. Watoto hawakuweza kutambua kwa uhakika gari linalokuja kwa zaidi ya takriban kilometa 32 kwa saa. Kwa hiyo unapomwambia mtoto wa darasa la pili "angalia kulia, angalia kushoto", anaweza kutii kila neno, akaangalia kweli, na asilione gari linavyokuja.

Upande wa dereva nao una hesabu yake. Tuseme dereva anachukua sekunde 1 kushtuka na kukanyaga breki, lami ni kavu na breki ni nzima. Kwa kilometa 30 kwa saa atasafiri mita 8 hivi kabla breki hazijashika, kisha mita 5 akiwa anapunguza. Jumla mita 13. Kwa kilometa 50 kwa saa, ile sekunde moja ya kushtuka pekee inammalizia karibu mita 14. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado linakwenda 50, halijapunguza hata kidogo. Hiyo 50 ndiyo ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi hapa Tanzania. Dereva anayemgonga mtoto mita 13 mbele yake anaweza kuwa hajavunja sheria yoyote ya mwendo.

"Acheni kuua watoto"

Turudi Uholanzi. Mwaka 1971 nchi ile ilikuwa na watu kama milioni 13, na katika mwaka huo mmoja watu karibu 3,200 walikufa kwa ajali za barabarani. Zaidi ya 400 walikuwa watoto. Ukigawanya unapata karibu vifo 25 kwa kila watu 100,000. Shirika la Afya Duniani lilikadiria Afrika mwaka 2016 kuwa na vifo 26.6 kwa kila watu 100,000. Uholanzi ya 1971 ilikuwa na hali ya kwetu.

Ilifikaje pale? Baada ya Vita vya Pili uchumi ulikua haraka, watu wakanunua magari, na miji ikapanuliwa barabara kuyapokea. Baiskeli, ambayo leo tunaiona kama asili ya Mholanzi, ilikuwa inasukumwa pembeni kama kitu cha zamani. Watoto waliendelea kwenda shule kwa miguu na kwa baiskeli katika barabara zilezile ambazo sasa zilikuwa na magari mara nyingi zaidi.

Mmoja wa watoto waliokufa mwaka 1971 alikuwa binti wa miaka 6, aliyegongwa akienda shule kwa baiskeli. Baba yake, Vic Langenhoff, alikuwa mwandishi wa gazeti la De Tijd. Mwaka uliofuata aliandika makala ndefu yenye kichwa "Stop de Kindermoord", maana yake acheni mauaji ya watoto. Chaguo la neno ni la kutazama. Hakuandika ajali. Neno ajali linabeba wazo la bahati mbaya, kitu kilichoanguka kutoka juu bila mtu kuamua. Yeye alisema kuna watu wameamua: bajeti za barabara, michoro ya makutano, mwendo unaoruhusiwa, vyote ni maamuzi yenye sahihi za watu. Akawataka wazazi waungane.

Waliungana. Jina la makala likawa jina la vuguvugu, na mwanamke kijana aitwaye Maartje van Putten akawa rais wake wa kwanza. Baadaye alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, ila wakati ule alikuwa mama mwenye watoto wadogo Amsterdam. Walichofanya kilikuwa rahisi kueleweka. Walifanya maandamano ya baiskeli. Walikwenda kukaa mahali ambapo watoto wamegongwa, wakazuia magari. Walifunga mitaa ili watoto wacheze, wakatoa meza nje na kula chakula pamoja katikati ya barabara. Kundi moja lilikwenda kwa baiskeli hadi nyumbani kwa waziri mkuu, Joop den Uyl, kumwimbia na kumdai mitaa salama, naye akatoka kuwasikiliza. Katika mtaa wa De Pijp, Amsterdam, televisheni ya VPRO iliwarekodi watoto wenyewe mwaka 1972 wakidai mtaa wao ufungwe magari wapate pa kuchezea, huku baadhi ya watu wazima wenye magari wakiwafokea.

Halafu ikaja bahati ya historia. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Uholanzi mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israel katika vita vya Oktoba. Serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba. Ghafla nchi nzima ikaona kwa macho barabara isiyo na magari inafananaje. Watoto waliteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye barabara kuu. Vuguvugu halikuleta uhaba wa mafuta, ila lilikuwa tayari limeshapanga madai yake mezani uhaba ulipofika, na hiyo ndiyo tofauti kati ya wakati mgumu unaopita na wakati mgumu unaoacha kitu.

Kilichofuata ni kazi ya wahandisi, na hapa ndipo stori inapata utamu kwa watu wa fani yetu. Huko Delft, tangu mwisho wa miaka ya 1960, manispaa ilikuwa inajaribu kitu kilichoitwa woonerf, tuseme "ua wa makazi". Waliondoa tofauti ya barabara na njia ya miguu. Wakapinda njia ya gari, wakaweka miti, madawati, maua na maegesho kwa namna ambayo dereva haoni mstari mrefu ulionyooka mbele yake. Hakuna mtu anayekwenda kasi sebuleni kwa mtu. Mwaka 1976 woonerf ikaingizwa kwenye sheria: ndani yake gari huenda mwendo wa mtu anayetembea na watoto wanaruhusiwa kucheza popote. Miaka ya 1980 zikaja kanda za kilometa 30 kwa saa. Baadaye hata sheria ya fidia ikageuka: dereva wa gari akimgonga mtoto wa chini ya miaka 14 aliye kwa miguu au kwa baiskeli, bima ya dereva hulipa hasara yote, hata kama mtoto ndiye aliyekosea. Karibu hakuna namna ya kukwepa. Ni kama sheria ilimsoma Stina Sandels ikamwelewa.

Kufikia mwaka 2010 watoto wanaokufa barabarani Uholanzi walikuwa chini ya 20 kwa mwaka. Kutoka zaidi ya 400.

Msomaji mwenye macho ya kitakwimu ameshanyoosha mkono: je, yote hayo ni kwa sababu ya mitaa? Hapana. Katika miaka hiyohiyo mikanda ya magari ikawa lazima, magari yakaboreshwa, hospitali zikawa bora, na familia zikazaa watoto wachache. Ukitaka kugawa sifa kwa asilimia utapata shida sana. Ila kuna kipimo kingine, na kinapatikana ukiiangalia Uingereza, ambayo nayo ilipunguza vifo vya watoto.

Mwaka 1990 Mayer Hillman, John Adams na John Whitelegg walichapisha ripoti iliyolinganisha watoto wa England wa 1971 na wa 1990. Mwaka 1971, asilimia 80 ya watoto wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 9. Vifo vilipungua kwa sehemu kubwa kwa sababu watoto waliondolewa barabarani. Wazazi waliogopa, wakaanza kuwasindikiza au kuwapeleka kwa gari, na magari hayo yakaongezea msongamano getini kwa shule, na hivyo kumtisha mzazi mwingine. Barabara ilipata sifa ya kuwa salama kwa sababu haikuwa na mtoto tena. Mtoto wa Kiholanzi yeye bado yuko nje kwa baiskeli yake. Mimi naona huu ndio ukweli muhimu kuliko wote katika historia hii, na takwimu za vifo peke yake haziwezi kukuonyesha.

Barabara iliyoikuta shule

Kwa Tanzania, njia ya Kiingereza haipo hata kwa mtu anayeitaka. Watoto wengi huenda shule kwa miguu, na hakuna gari la kuwaficha ndani. Wanaopanda daladala wanajua kusubiri konda amalize kupakia wenye nauli kamili kwanza. Kwa hiyo mtoto atabaki barabarani, na swali linarudi kwenye barabara.

Kuna kipande cha historia yetu ambacho husahaulika katika mjadala huu. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara kwa makusudi, ili maji, zahanati na magari ya pembejeo yafike kwa urahisi. Shule zikajengwa hapohapo, na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote ya mwaka 1977 ikazijaza watoto. Barabara nyingi wakati ule zilikuwa za vumbi na mashimo. Shimo, ukifikiria, ni tuta lililogeuzwa. Kisha miaka ikapita, ada ya shule za msingi ikafutwa 2002, madarasa yakafurika, na barabara nyingi zikapata lami. Magari yaliyokuwa yanatambaa sasa yanapaa. Huwa tunasikia watu wakiuliza, "Nani alijenga shule karibu na barabara kuu?" Mara nyingi shule ilikuwepo kwanza. Mwendo ndio ulioikuta hapo.

Jibu la kisayansi zaidi lililowahi kutolewa kwa tatizo hili barani Afrika lilitoka Dar es Salaam. Shirika la Amend lilibuni mpango uitwao SARSAI wa kukagua na kuboresha maeneo ya barabara kuzunguka shule. Walianza kwa kutafuta shule zenye watoto wengi wanaoumia. Kisha walikwenda kutembea na watoto njia zao, wakaangalia wanavukia wapi hasa, siyo pale ambapo mchoro unasema wavukie. Halafu wakajenga vitu vya bei ndogo: matuta, vivuko vya pundamilia, alama, njia za miguu, nguzo fupi za zege za kuzuia magari na bodaboda kupanda kwenye njia hizo. Wakati mwingine suluhisho lilikuwa kufungua geti jipya upande wa pili wa uwanja wa shule, ili watoto wasimwagike moja kwa moja kwenye barabara kubwa.

Sehemu inayonifurahisha ni kwamba walipima. Shule za msingi 18 ziliingizwa kwenye utafiti. Nusu zilipata maboresho mapema na nusu nyingine zikawa kundi la kulinganishia, kisha nazo zikapata zamu yao. Watafiti hawakutegemea rekodi za polisi, ambazo hukosa majeraha mengi yasiyoripotiwa. Waliwauliza watoto na familia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Injury Prevention: majeraha ya barabarani kwa watoto wa shule zilizoboreshwa yalipungua kwa asilimia 26. Robo, si zote. Ila ni robo iliyothibitishwa, kwa vifaa ambavyo fundi wa mtaani anaweza kuvijenga. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya WRI Ross ya miji, dola 250,000, mbele ya washindani kama mfumo wa usafiri wa nyaya wa Medellín, Colombia.

Na tuta lenyewe lisidharauliwe, lina ukoo wa heshima. Mmoja wa watu wa kwanza kuchora tuta kwa hesabu alikuwa Arthur Compton, yule wa "athari ya Compton" uliyoisoma kwenye fizikia, mshindi wa Nobel wa 1927. Mwaka 1953, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, alichoshwa na magari yanayopita kasi mbele ya ofisi yake, akakaa akapiga hesabu za umbo la bonge litakalomlazimisha dereva apunguze. Miaka 20 baadaye Graham Watts, wa maabara ya barabara ya Uingereza, alijaribu maumbo mengi na kufika kwenye tuta la urefu wa mita 3.66 na kimo cha sentimita 10, ambalo humkera anayekwenda kasi na kumwacha mpole apite bila kuumia mgongo. Matuta yetu mengi ni mafupi na makali kuliko hayo, na ndiyo maana madereva wa malori na wagonjwa ndani ya ambulensi wanayalalamikia. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini ni malalamiko juu ya umbo la tuta. Hayageuki kuwa hoja ya kutokuwa na tuta.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa kiofisi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za mijini na vijijini za ngazi ya wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Shule ina mwenyewe mwingine kabisa. Mwalimu mkuu anayetaka kivuko mbele ya geti lake anaandika barua kwa taasisi ambayo kazi yake inapimwa zaidi kwa magari kupita haraka, na lori la kwenda Zambia au Kongo lina mtetezi kwenye meza hiyo. Mtoto wa darasa la pili hana, mpaka siku ile mawe yanapopangwa barabarani.

Ukitaka kujua hali ya shule iliyo karibu na kwako, huhitaji mashine ya trafiki. Pima mita 50 kando ya barabara kwa kamba, weka alama mwanzo na mwisho, simama mahali salama mbali na lami, na tumia saa ya simu. Gari likichukua sekunde 6 kati ya alama hizo, linakwenda kilometa 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilometa 50. Sekunde 2.25 ni 80. Pima magari 100 yasiyo kwenye foleni, saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, andika kwenye daftari, kisha panga kutoka dogo hadi kubwa uone lile la kati. Karatasi hiyo moja, ikiwa na tarehe, saa na jina la barabara, ipeleke na mwenyekiti wa mtaa kwenye ofisi ya meneja wa barabara wa wilaya yenu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.